Mlango Uliokataa Mwangwi

Katika mji wa Kipengere, mlango haumfungulii asiyesalimu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa jambo hilo. Watoto walilijua kabla ya kuyajua majina ya baba zao, na wageni waliopanda kutoka mabondeni walijifunza kwa kuwatazama wenyeji, ambao kila mmoja alisimama mbele ya kizingiti, akanyoosha mgongo, akautazama ubao mtupu na kutamka kwa utulivu, "Hodi. Nawasalimu mliomo." Bawabu, mashine ya kusikiliza na kutazama iliyofichwa ndani ya mhimili, alikuwa ameshaamka kwa mlio wake mdogo wa sauti tatu, ya tatu ikipanda. Aliyapima maneno, na pumzi iliyoyabeba, na kusita kule kudogo kunakomtokea kila aliye hai kabla hajasema, na mahali jicho lilipotua. Akiridhika aliitikia, na mlango ukafunguka.

Wazee walikumbuka sababu yake. Ilikuwako miaka ya Sura za Kuazima, wakati mashine zilipojifunza kuvaa uso na sauti ya mtu yeyote, hata mama akamfungulia mwanawe mlango, kumbe aliyeingia si mwanawe. Jambo moja tu lilizishinda mashine hizo, nalo ni namna mtu hai anavyomsalimu mwenzake. Basi watu waliopanda mlimani kukimbia miaka ile wakajenga mji ambao ufunguo wake ni salamu.

Mwalimu Ndimyake ndiye aliyewafundisha watoto wa mji kusalimu. Karibu kila mtu asiye na mvi aliingia nyumbani mwake kwa kutumia kitu alichokipokea darasani kwa Ndimyake. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kola iliyopigwa pasi na sauti iliyojaza chumba bila kuombwa. Hakupata kumpiga mtoto, wala hakupata kumwacha mtoto aende zake kabla hajasema sawasawa.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa magoti. Juu ya miteremko, nyavu za kuvulia ukungu zilining'inia kama nguo za watu waliokwisha kuondoka, na maji yalidondoka kutoka kwenye nyuzi zake, yakaingia mifereji ya mianzi, yakateremka mjini yakinong'ona. Mwalimu alisimama mbele ya Lango Kuu la ukumbi wa Baraza, katikati ya mji, akiwa amemshika mjukuu wake kidevu.

"Tazama mlango, Ambokile. Sema, hodi."

Mtoto aligeuza macho kando, kwenye matone. Alikuwa na miaka sita na miezi mingi. Hakuitika akiitwa jina lake, hakuvaa sweta la sufu hata kwenye baridi kali, na viazi vyake havikuliwa iwapo vimeguswa na mchuzi. Bawabu aliamka kwa mlio wake. Ambokile akatoa mvumo mdogo kooni, akaziba masikio kwa viganja, na babu yake alipokaza vidole kidevuni, mtoto alianza kulia kilio kirefu kisicho na machozi. Mlango ulibaki ubao.

Subilaga, binti wa Mwalimu na mama wa mtoto, alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuja tu, akauondoa mkono wa baba yake taratibu, kama mtu anavyoondoa kipande cha kioo mahali watoto wanapochezea.

Mtoto wa Kipengere hupita milangoni chini ya salamu ya mzazi wake hadi afikishe miaka saba. Baada ya hapo huletwa Lango Kuu, Siku ya Milango, asalimu peke yake mbele ya Baraza. Anayeshindwa hupelekwa bondeni, katika Nyumba ya Malezi, hadi aweze. Mwalimu mwenyewe alikuwa amewaona waliorudi kutoka huko. Walisalimu vizuri sana. Walimsalimu mama, wakausalimu ukuta, wakaisalimu sahani ya chakula, kwa sauti ileile moja, na baada ya salamu hawakuwa na neno jingine. Siku ya Milango ilikuwa karibu, mwishoni mwa majira ya ukungu.

*

Katika ukumbi wa maktaba palikuwa na jiwe jeusi lililoitwa Msemaji. Ndani yake ilikusanywa elimu yote iliyookolewa kutoka ulimwengu wa chini, na tabia yake ilijulikana: halikumwambia mtu zaidi ya alichouliza. Mwalimu Ndimyake aliketi mbele yake kwa heshima, akauliza mtoto asiyesalimu afundishwe vipi adabu. Msemaji akajibu kwa ufasaha: msimamo, marudio, kumnyima mtoto anachokipenda hadi atii, na yote hayo yakishindikana, Nyumba ya Malezi. Mzee akaligeuza swali. Akauliza juu ya mtoto mkaidi, kisha juu ya mtoto aliyedekezwa na mama. Kila njia aliyoipita ilimrudisha bondeni.

Aliporudi nyumbani alimweleza Subilaga kwamba elimu imekwisha kutoa uamuzi. Subilaga alikuwa akimmenyea mtoto viazi, akiviweka kimoja kimoja mbali na kingine. Akasema bila kuinua kichwa kwamba Ambokile akiteremka bondeni, yeye atateremka naye, na baba atabaki na milango yake. Kisha akatoa jambo alilokuwa amelificha. Siku zote alizoaga kwamba anakwenda kushona nyavu, alikuwa akienda katika banda la kukaushia nyavu, mahali wanapokutana wazazi wenye watoto wa namna hii.

Mwalimu alikasirika. Hakukasirishwa na banda. Alikasirishwa na kudanganywa. Alikaa na hasira yake hadi chai ikapoa, kisha akachukua fimbo yake na kuuliza njia.

Banda lilikuwa juu ya mji, mahali nyavu zilipotandazwa kwenye kamba zikipepea kama mawingu yaliyofugwa. Halikuwa na mlango, lilikuwa na pazia. Mzee alisimama mbele ya pazia lile, akanyoosha mgongo, akasalimu kwa sauti kamili. Ndani wakacheka.

"Karibu, Mwalimu," alisema mwanamke mnene mwenye sindano ya nyavu mdomoni. Huyo alikuwa Atupakisye, ambaye zamani alikaa dawati la mbele darasani kwake. "Shikamoo. Pazia hilo hata mbuzi wangu hupita bila kuamkia."

"Marahaba. Na mbuzi wako, nilimfundisha mimi?"

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, ingawa uso wake haukubadilika. Kando ya Atupakisye alikuwako binti yake Tumpale, msichana aliyekaribia kuvunja ungo, aliyevaa aproni iliyoshonewa picha ndogo za vitambaa: mtungi, kitanda, mvua, mkono. Hakupata kusema neno maishani mwake; Nyumba ya Malezi ilishindwa naye ikamrudisha, na tangu hapo aliishi humo bandani, pasipo mlango. Alimsogelea mzee, akaitafuta picha moja pindoni, akaigusa mara mbili. Ilikuwa picha ya sikio lililofunikwa kwa kiganja.

"Anasema sauti yako inamuumiza," Atupakisye alieleza. "Tumekuwa tukitaka kukwambia hivyo tangu darasani, ila sisi hatukuwa na picha."

Mwalimu Ndimyake aliishusha sauti yake. Lilikuwa jambo geni kwake, kama kutembea bila fimbo. Akauliza, kwa sauti hiyo mpya, wao waliipata wapi elimu ya aproni na picha, ikiwa Msemaji hana ila Nyumba ya Malezi. Wazazi wakatazamana. Mmoja akasema kwamba yeye naye alipoteza mwaka mzima hivyohivyo, mwingine akasema miwili. Ilikuwa desturi ya mji kuona kila ukimya wa mtoto kuwa ni upungufu wa adabu, na kwa hiyo kila aliyekwenda mbele ya jiwe alikwenda na swali la adabu.

"Mweleze mtoto," Atupakisye alisema. "Usiseme asichofanya. Sema anachofanya. Jiwe litakujibu."

*

Hapo Mwalimu aligundua jambo lililomwaibisha peke yake. Yale asiyoyafanya mjukuu wake aliweza kuyataja upesi, moja baada ya jingine. Yale anayoyafanya hakuyajua.

Akaanza kumtazama. Alikaa kwenye kigoda uani, mikono magotini, na mtoto akaendelea na mambo yake kana kwamba babu ni gogo. Alimwona Ambokile akitembea kwa ncha za vidole kando ya mfereji. Alimwona akipanga vipande vya mianzi kwa urefu, akilala chini kifudifudi ili auone mstari wake kwa jicho moja, akicheka. Alimwona akitega kiganja chini ya tone, akilisubiri jingine, akilisubiri jingine, na ukungu ukija na kuondoka juu yao. Kuna mchana mmoja mzee alijikuta naye ametega kiganja, asijue tangu lini. Kengele ya mji ilipolia, mtoto aliziba masikio kabla ya pigo la kwanza, maana alisikia kamba ikivutwa. Nyuma ya haya yote ulikuwako mvumo ule wa kooni, unaokuja na kukatika, ambao mzee siku zote aliuita kelele.

Alirudi maktaba akayasimulia hayo yote, kwa utaratibu, bila kuongeza kitu. Jiwe likatafuta ndani yake, kama mtu anayefungua chumba ambacho hakiulizwi. Kisha likatoa neno ambalo Mwalimu hakuwa amelisikia kwa miaka mingi: usonji.

Msemaji akaeleza. Huenda mtoto huyu ana usonji. Jiwe halikuweza kulithibitisha hilo kwa mtoto lisiyemwona. Usonji hausababishwi na malezi mabaya, wala ukaidi, wala laana. Ni namna ambavyo ubongo umekua tangu mwanzo, na hautokei sawa kwa watoto wawili. Wapo wanaosema sana na wapo wasiosema kamwe. Sauti, mwanga na nguo vinaweza kumwumiza mmoja na kumfurahisha mwingine. Kumtazama mtu machoni kunaweza kuwa kazi nzito kwa mtoto, na kumlazimisha hakumfundishi ila hofu. Kinachomsaidia ni kuwahi kumwelewa, siku zenye mpangilio anaoujua, picha au ishara pale maneno yanapogoma, wataalamu wa lugha na michezo pale wanapopatikana, na wazazi wake kutoachwa peke yao.

Mwalimu aliuliza kosa ni la nani. Msemaji akajibu kwamba hakuna kosa. Mzee akauliza tena, kwa maneno mengine, maana alikuwa amekwenda tayari kuchukua fungu lake, na jiwe likarudia jibu lilelile.

"Na ule mvumo?" aliuliza mwishoni.

"Watoto wengine wenye usonji hurudia walichokisikia," Msemaji alisema. "Mara nyingi kurudia huko ndiko kusema kwao. Sikiliza anarudia nini, na anarudia wakati gani."

Alfajiri iliyofuata, kabla watu hawajatoka, Mwalimu alikwenda na Ambokile kwenye Lango Kuu. Hakumshika. Alisimama kando, akafumba macho ili asikie vizuri zaidi. Bawabu akaamka: sauti tatu, ya tatu ikipanda. Pakawa na kusita kidogo. Kisha kutoka chini, karibu na goti lake, zikaja sauti tatu, ya tatu ikipanda, laini, sahihi, zenye joto la pumzi. Mzee alipofumbua macho alimwona mjukuu wake ameweka kiganja juu ya ubao, akisubiri kwa adabu.

Mlango ulikuwa ukimsalimu kila siku, naye kila siku alikuwa akiuitikia. Hakuna mtu mwingine katika mji mzima aliyewahi kuuitikia mlango.

Lakini mlango haukufunguka, na Mwalimu alijua kwa nini. Wezi wa Sura za Kuazima walipoanza kuwahadaa mabawabu, hila yao ya kwanza ilikuwa kuinasa sauti ya bawabu na kumrudishia mwenyewe. Mafundi wakafanya sheria ndani ya mihimili yote: sauti yoyote inayofanana na ya bawabu ni mwangwi, na mwangwi hauna mtu nyuma yake. Mtoto alisalimu tena. Akasubiri. Akasalimu tena.

*

Baraza lilikutana katika ukumbi wenye madirisha marefu, ukungu ukipita nje yake kama kundi la kondoo lisilo na mchungaji. Mwenyekiti alikuwa Asajile, mtu wa makamo, mpole, aliyefundishwa na Ndimyake na ambaye hadi siku hiyo alimwamkia kwa kuinama. Mwalimu alieleza aliyoyaona. Akaomba mabawabu wafundishwe kuupokea mvumo wa mjukuu wake.

Wajumbe walijadiliana kwa muda mrefu na kwa heshima. Walikubali kwamba mvumo ule una pumzi na una kusita kwa mtu aliye hai. Lakini mlango ukijifunza kuikubali sauti yake mwenyewe kutoka kwa mmoja, utakuwa umeacha ufa, na mwizi mwenye subira anaweza kuutafuta. Watu wengi wamelala nyuma ya milango hiyo kwa amani. Mwalimu alisikiliza na hakubisha, kwa kuwa hawakusema uongo. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha hofu hiyo, na ilikuwa hofu ya haki.

Basi akaiomba sheria ya dhamana. Ilikuwako tangu mji ulipojengwa, na hakuna aliyeitumia. Mtu anaweza kumwombea mwingine salamu isiyo ya kawaida, akiweka salamu yake mwenyewe rehani. Jina la mdhamini hufutwa katika milango yote. Hakuna ruhusa kumwamkia wala kumwitikia hadharani, kwa sababu mabawabu hujifunza kwa wanachokisikia mitaani, na jina linaloamkiwa huanza kufunguliwa. Anayeivunja sheria hiyo kwa huruma, naye hufutwa. Rehani hukaa hadi anayedhaminiwa awe mtu mzima na kujisimamia. Ambokile alikuwa hajatimiza miaka saba. Ndimyake alikuwa mzee.

Asajile aliomba wapumzike kidogo. Alimwendea Mwalimu dirishani, akamsihi kwa sauti ya chini. Alimwambia kwamba mtoto anaweza kupewa mwaka mwingine wa mazoezi, kwamba wapo wazazi vijana wenye muda mbele yao wa kuikomboa rehani, na kwamba mji hautajua namna ya kupita mbele ya Mwalimu Ndimyake bila kusema neno.

"Utajifunza," mzee alisema. "Nimeufundisha mambo magumu kuliko hilo."

Aliyemtikisa zaidi ni Atupakisye, aliyekuwa amekuja na Tumpale, mlango wa ukumbi ukiwa umeachwa wazi kwa ajili ya kikao, na kukaa karibu na ukuta. Alisema bila kinyongo kwamba yeye angeweka salamu yake zamani, lakini hana mtu mwingine wa kumtekea binti yake maji. Akauliza, kwa kuwa dhamana moja humtosha mtoto mmoja, Mwalimu ameamuaje kwamba awe huyu. Mzee akajibu kwamba hakuamua kwa haki. Huyu ni wake, na salamu anayo moja. Atupakisye akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, maana hakutarajia jibu jingine, na lingekuwapo jingine asingeliamini.

Ndipo Subilaga akasimama. Kwa siku nyingi alikuwa ameyataka haya, na sasa yalipofika aliyaogopa.

"Baba, nani atakuamkia?"

"Nimeamkiwa vya kutosha, mwanangu."

Siku ya Milango, ukungu ulikuwa mwembamba na jua lilikuwa mahali fulani ndani yake. Watoto wengine walisalimu kwa sauti walizofundishwa, wakapita. Ambokile aliletwa mwisho, pasipo sweta, kengele ikiwa imefungwa kitambaa kwa amri ya mwenyekiti. Hakuna aliyemshika. Aliangalia matone kwa muda aliotaka. Bawabu akaamka, na mtoto akaitikia sauti tatu, na kiganja chake kikakaa juu ya ubao. Kwa kitambo mlango ulikuwa kama unaofikiri. Kisha ukafunguka wote, pande zote mbili, na Ambokile akacheka kicheko alichokuwa akikiachia mianzi peke yake, akaingia ndani kwa ncha za vidole.

Subilaga alisalimu upesi, akamfuata. Ndimyake alibaki alipokuwa, akatazama milango ikifungana.

*

Alihamia katika banda lenye pazia. Siku ya kwanza ya rehani yake alitoka asubuhi, kola yake ikiwa imenyooka, akashuka hadi mtaa mkuu, kwa sababu hakuona sababu ya kujificha. Watu walimpisha. Wanawake waliokuwa na ndoo walizitazama ndoo. Mafundi wawili aliowafundisha pamoja walianza ghafla kuzungumza juu ya kamba. Mji wote ulikuwa na adabu sana, na yeye alipita katikati ya adabu hiyo kama mtu anayetembea chini ya maji.

Kwenye kona akakutana uso kwa uso na kijana aliyebeba rundo la nyavu begani, mwanafunzi wake wa miaka michache iliyopita, mwepesi wa kusahau tangu zamani. Mbele yao palikuwa na mlango wa ghala, na mlio wa bawabu ulikwisha kusikika. Kijana aliona kola, aliona fimbo, na mwili wake ukafanya ulichofundishwa: magoti yakalegea, kichwa kikainama, mdomo ukafunguka.

"Shika—"

Mzee alimgeuzia mgongo upesi, kwa ukali, hata fimbo ikachota matope. Neno likakosa mtu wa kumwangukia. Alisimama hivyo, akiutazama ukuta, hadi aliposikia kijana akivuta pumzi, akikumbuka, akiondoka karibu kukimbia.

Marahaba ilikuwa imekwisha kupanda hadi kwenye ulimi wake. Mwalimu Ndimyake aliimeza, akaendelea na safari yake.